Jiwe Lililoinuliwa

Jiwe lilikuwa limekwisha kupanda vidole vinne kutoka ardhini Elimringi aliposikia mlango wa gari ukifungwa huko juu kwenye njia ya changarawe. Hakugeuka. Mtaimbo ulikuwa umebeba uzito wote, na mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo hageuki kuona nani amefika. Alisukuma kipande cha ubao kwa ncha ya kiatu mpaka kikaingia chini ya ukingo, akalegeza mikono kidogo kidogo, jiwe likaketi juu ya ubao. Ndipo alipopumua, akafuta jasho, akatazama.

"Shikamoo, mzee wa makaburi!" Everline aliita kutoka mbali, akisukuma kiti cha magurudumu juu ya majani.

"Marahaba. Ingawa mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja wapi? Wewe ulitoka tumboni ukiwa umeshastaafu. Ebu ona vile unashika hicho chuma, ni kama unakiombea."

Everline alikuwa Mkenya, mkaazi wa DeSoto, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Kila Jumanne saa nne asubuhi alimleta Bibi Opal Pruitt kumwona kaka yake. Elimringi alikuwa Mchagga wa Kibosho, aliyefika Texas miaka mitano nyuma kwa bahati nasibu ya viza, na tangu mwaka wa kwanza alikuwa akitunza makaburi haya ya zamani, upande wa magharibi wa Dallas, njia ya kwendea Irving. Yeye na Everline walitaniana kwa Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake, na Bibi Opal, mwenye miaka themanini na minne, hakuelewa hata neno moja lakini alicheka kwa sababu wao walicheka.

"Ndilo hilo?" bibi aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, akiinama mbele kitini.

"Ndilo, mama."

Udongo wa huku ni mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na mawe madogo huyameza pole pole kama chura anavyomeza mdudu. Jiwe la Alvin Pruitt lilikuwa limekwenda chini kina cha kiganja, majani yakaota juu yake. Bibi Opal alijua tu kwamba lilikuwa karibu na mti wa mwaloni, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiongea na majani. Elimringi alilitafuta siku tatu, akichoma ardhi kwa ufito wa chuma kila baada ya hatua moja, kama mnunuzi anavyochoma gunia la kahawa kuona kilichomo.

"Mwagia maji basi, nilione," Bibi Opal alisema.

Elimringi aliinama, akapitisha kidole kwenye ukoko wa udongo. Herufi zilikuwa huko chini, alizihisi. Lakini jiwe lilikuwa laini, la bei ya watu maskini, na lilikuwa limeegemea ubao mmoja tu.

"Si leo, mama. Likisuguliwa bado limelegea litapasuka. Kwanza nilitandikie kokoto, juu yake mchanga, nilikalishe sawa, kisha nilisafishe kwa brashi na maji tu, bila sabuni. Nitaliinamisha kidogo upande wako. Jumanne ijayo utalisoma ukiwa umekaa hapo hapo."

"Jumanne ijayo ni ya mwisho," bibi alisema. "Jumatano saa tatu mpwa wangu ananichukua kwenda Houston. Amenipatia chumba karibu na kwake."

"Najua, mama. Litakuwa tayari."

"Si umwagie tu maji kidogo, Eli?" Everline alinong'ona kwa Kiswahili. "Kikombe kimoja. Shosho aone jina, roho itulie."

"Kazi ina utaratibu wake."

"Utaratibu, utaratibu! Nyinyi Watanzania hata mkiungua moto mnaandika barua kwanza."

Alicheka. Hakuchukua maji. Kila alichokijua kuhusu mawe ya makaburi alijifundisha mwenyewe kwa kijitabu cha maktaba ya Irving, ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni, na kijitabu kilisema usisugue jiwe lililolegea. Kilisema pia usilishike kwa saruji, maana baridi ikija litapasuka. Liache likae juu ya mchanga, ili siku likienda upande liweze kurekebishwa. Elimringi aliyafuata yote mawili.

Alvin aliuawa mwaka 1932, akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kituo cha mafuta alikokuwa akifanya kazi. Bibi Opal alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa amempelekea chakula mchana ule. Alirudi nyumbani na bakuli tupu, akasikia mlio akiwa njiani akadhani ni tairi. Aliyempiga risasi aliitwa Clell Hardaway, kijana wa mtaa ule ule, aliyekuja baadaye kuvunja benki za miji midogo kuanzia hapo mpaka Oklahoma, magazeti yakamwandika kila wiki, wasichana wakamwandikia barua asizozipata. Polisi walimuua mwaka 1934 barabarani. Watu maelfu walikuja kumwona amelala, wengine wakamkata nywele na vifungo vya shati.

Na kwa kuwa wote wawili walikuwa watoto wa mtaa mmoja, walizikwa makaburi yale yale. Elimringi alikuwa amepima: kutoka kwa Alvin mpaka kwa Hardaway ni hatua thelathini na moja.

Jiwe la Hardaway lilikuwa kubwa, la matale, mwamba mgumu, lenye kingo zilizotafunwa na patasi za watu waliotaka kipande. Lilikuwa limeibwa mara mbili, likarudishwa, na sasa lilifungwa kwa nondo na saruji mpaka chini kabisa. Kila Jumatatu Elimringi alilikuta na midomo ya wanawake, myekundu, imebusu jina. Na sigara, na maganda ya risasi yaliyopangwa mstari, na barua. Aliyafuta na kuyakusanya. Zamani alijaribu kuwauliza wageni kwa nini. Mmoja alimwambia, "Alikuwa maskini akawatia matajiri hofu." Elimringi aliliwaza jibu hilo kwa siku kadhaa, maana hakupenda kumhukumu mtu haraka. Mwishowe aliona kwamba Alvin naye alikuwa maskini.

Placide, Mkongo aliyeendesha mashine ya kukata majani, hakuhitaji kuwaza. "Ndugu Eli, haya ni mambo gani?" alisema siku moja akizima mashine. "Kwetu Uvira mutu wa bunduki tulikuwa tunamukimbia na watoto mugongoni. Huku banamubusu!"

Njia ya mkato kutoka langoni kwenda kwa Hardaway ilipita juu ya Alvin. Hilo ndilo lililomsumbua Elimringi zaidi ya midomo na risasi. Kwa hiyo siku ya Alhamisi, jiwe lilipokwisha kukaa juu ya mchanga wake, pimamaji likisema sawa kulia na kushoto, alikwenda kwenye duka moja la maua Irving akanunua masale manne.

Mtu asiyetoka Kilimanjaro anaweza kuliona sale kuwa ni jani tu, refu, la kijani, na dukani huko waliliuza kama pambo la ofisi. Lakini Uchaggani sale ndilo mpaka wa shamba, ndilo alama ya kaburi la mkubwa, na ukimkosea mtu ukampelekea jani la sale lililofungwa fundo, hawezi kukukatalia msamaha; hata kama umemuulia ng'ombe, hata kama umemuulia mtu. Hakuna anayeliruka. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusoma. Elimringi alipanda moja kila pembe ya kaburi la Alvin, akamwagilia, akasimama kando akatazama, akahisi kwamba sasa mahali pale pamesema penyewe na hapahitaji kibao.

Kisha akasafisha jiwe kwa brashi laini, nusu siku nzima. Akatoa daftari lake, ambamo alinakili kila jiwe aliloliinua, akaandika kama lilivyokuwa, mstari kwa mstari:

ALVIN T. PRUITT
1913 – 1932
MTOTO WETU

Kwenye daftari aliandika maneno ya mwisho kwa Kiingereza kama yalivyochongwa, lakini moyoni aliyasoma kwa Kiswahili. Alitamani kumpigia Everline amlete bibi siku ile ile. Lakini Everline alikuwa na wazee wengine wawili, na Jumanne haikuwa mbali.

Jumamosi ilikuwa miaka sabini tangu Hardaway afe. Elimringi alijua watakuja, ila hakujua watakuwa wengi vile. Magari ya kizamani yalipanga mstari mpaka barabarani, meusi, yanang'aa. Wanaume walivaa suti za mistari na kofia zilizolalia jicho moja. Wanawake walivaa soksi ndefu na vikofia vya sufi, baadhi wakishika bunduki za plastiki. Mtu mmoja mwenye kofia ya majani na kipaza sauti aliwaongoza, akisimulia. Meneja wa makaburi alikuwa amewaonya wafanyakazi mapema: wageni hawa ndio wanaochangia mfuko wa kukata majani, msigombane nao.

Elimringi alizunguka na mfuko wa takataka. Kutoka mbali aliona umati ukishuka kutoka langoni ukifuata njia ya mkato, na moyo ukamtulia alipoona wa mbele wanafika kwenye masale na kusimama. Wamesimama, alijiambia. Hata huku watu wanaelewa.

Lakini hawakuzunguka. Walibaki pale pale, wakiinama.

"Samahani, bwana," kijana mmoja mwenye suti ya mistari alimwita. "Huyu ni nani? Mbona kapambwa hivi?"

Elimringi angeweza kusema hajui. Baadaye alilifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini aliulizwa swali na alijua jibu, tena alidhani jibu lenyewe litawatosha; alidhani watavua kofia.

"Huyu ni kijana aliyeuawa na mtu wenu," alisema. "Alikuwa akiuza mafuta. Dada yake bado yu hai."

Kijana yule alitoa macho. "Wa kituo cha mafuta? Wa kwanza kabisa aliyemuua?" Akageuka, akapaza sauti. "Jamani, njooni! Ni wa kwanza! Yuko hapa!"

Wakaja. Mwenye kipaza sauti alikuja mbio, akishika kofia isianguke, akasoma jina kwa sauti, mara mbili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota dhahabu. "Miaka kumi na miwili nawaleta watu hapa," alimwambia Elimringi akimpa mkono, "na sikujua yuko wapi. Nani kampata?"

"Mimi."

"Mungu akubariki, rafiki. Kuanzia leo tunasimama hapa kwanza."

Kamera zilianza. Kijana wa suti ya mistari alilala chali kando ya jiwe, ndani ya masale, ulimi nje, mikono imetanuka, na mchumba wake akasimama juu yake na bunduki ya plastiki, mguu mmoja mbele. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ndivyo Elimringi alivyoona, na hilo lilimwondolea hata nguvu ya kukasirika. Walicheka kama watu walio kwenye harusi.

"Tafadhali," alisema. "Tokeni ndani ya majani haya. Tafadhali."

"Oo, samahani, bwana!" Wakatoka mara moja, wakiomba radhi, wakijipangusa. Kisha wakayapiga picha masale.

Mchumba wa yule kijana alikuwa amekanyaga sale moja akitoka, na jani lake likakatika. Aliliokota, akamwendea Elimringi, akamnyoshea kwa tabasamu la aibu. "Nimelivunja. Pole sana."

Hakujua alichokuwa akikifanya, angejuaje? Lakini alikuwa amemkosea marehemu, na alikuwa ameleta sale, mkononi, mbele ya mashahidi. Elimringi alilipokea kwa mikono miwili. Hapakuwa na njia ya kutolipokea. Akamjibu, "Imekwisha," na yule msichana akarudi kwa wenzake, mwepesi, rangi ya mdomo wake nyekundu kama ile Elimringi aliyokuwa akiifuta kila Jumatatu.

Jumapili hakuwa kazini. Jumatatu asubuhi alikuta masale matatu, la nne limeng'olewa, na katikati pale, juu ya mchanga safi alioupima kwa pimamaji, palikuwa na alama ya mstatili na tone moja la nta ya mshumaa. Jiwe halikuwepo.

Alizunguka makaburi yote akitazama chini, hatua kwa hatua, akijua kwamba hatalipata. Lilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Mtu mmoja mwenye nguvu alitosha kulibeba, au wawili wakicheka. Hakuna nondo wala saruji iliyowazuia. Kijitabu kilikuwa kimesema usitie saruji. Na lilipokuwa chini ya majani, kwa miaka yote ile, hakuna aliyeligusa.

Meneja alisikitika kweli. Alimpa fomu ya kujaza. Jiwe jipya, alisema, likiombwa leo litachukua wiki sita, pengine nane.

Elimringi alimpigia Everline wakati wa chakula.

"Aki nani, Eli. Usiniambie hivyo."

"Nimeshakuambia."

"Huyu shosho ameanza kuchagua nguo ya kuvaa kesho tangu jana! Ati aende kumsalimia kaka yake akiwa smart." Elimringi alisikia televisheni ya mtu nyuma yake. "Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie. Mlete. Nitamwambia mwenyewe. Na nitajaribu kutengeneza jingine."

"Kwa siku moja?"

"Nitajaribu."

Placide alileta mbao za zamani kutoka stoo, wakagongomea kiunzi. Mfuko wa saruji uliokuwepo ulikuwa wa mwaka uliopita, wenye madonge. Elimringi aliichekecha kwa wavu wa dirisha, akachanganya, akamimina, akasawazisha kwa ubao. Jioni, kabla ya lango kufungwa, alitaka kuona kama imeshika. Maisha yake yote hakuwahi kutoa kitu kwenye kiunzi kabla ya wakati wake. Siku ile alitoa. Ufa ulianzia pembeni, ukatembea taratibu mbele ya macho yake mpaka upande wa pili, na lile bamba likawa vipande viwili.

"Acha, ndugu," Placide alisema. "Kesho asubuhi tutaanza tena. Miye nitafika mapema."

Jumanne saa moja walimimina la pili. Saa nne Everline alifika, na safari hii hakuita shikamoo. Bibi Opal alivaa gauni la buluu na kofia nyeupe ya kanisani, miwani imepanguswa. Kutoka mbali alikuwa tayari ameanza kukaza macho.

Elimringi alimngojea amesimama, kofia mkononi. Mkono wa pili alishika jani la sale, amelifunga fundo. Ni lile lile la Jumamosi. Alikuwa amelitunza ndani ya maji.

"Mama, jiwe limeibwa," alisema. "Jumamosi walikuja watu wa Hardaway. Waliniuliza ni nani, nikawaambia. Kama nisingeliinua, lingekuwepo. Kama ningelimwagia maji Jumanne iliyopita, ungelisoma. Yote mawili ni mimi." Akamnyoshea jani.

Bibi Opal alilipokea. Aliligeuza, akatazama lile fundo, hakuelewa, akaliweka mapajani juu ya mkoba wake kwa uangalifu, kama anavyoweka mtu kitu alichopewa na mtoto. Elimringi alingoja. Kwao angejua sasa kwamba amesamehewa. Hapa hakujua.

"Mama yake Clell alikuja kwenye mazishi," bibi alisema. "Alisimama nyuma, pale kwenye uzio. Mama yangu akamwona. Akamwinamishia kichwa, hivi, basi. Hakuna mtu mwingine aliyemsalimu." Alitazama mchanga mtupu. "Nilidhani siku moja watu watachoka naye. Nilipoolewa nilidhani watakuwa wamechoka. Mume wangu alipofariki, nikadhani sasa. Nina miaka themanini na minne, Eli, na wanakuja na watoto."

Everline aligeuka upande akatafuta kitu kwenye mfuko wa kiti.

"Miaka sabini hakuna aliyemtaka Alvin ila sisi," Bibi Opal alisema. "Sasa wamemtaka."

Elimringi alimwonyesha kile kiunzi chini ya mwaloni. Saruji ilikuwa bado laini kama ugali uliotoka jikoni. Ukiandika sasa, alieleza, herufi zinajifunga zenyewe. Ingeshika vizuri mchana, saa nane, saa tisa. Aliuliza kama wangeweza kungoja.

"Mpwa wake anakuja saa sita kupanga vitu," Everline alisema kwa Kiswahili. "Huyo mama ni mkali, Eli. Nikichelewa ata-call ofisi yetu."

"Na kesho asubuhi? Mnaweza kupitia hapa?"

"Mimi kesho siko naye. Kazi yangu kwake inaisha leo saa kumi na mbili. Na barabara ya Houston iko huko upande mwingine." Akashusha sauti. "Ningekuwa na namna ningekuambia. Sina."

Bibi Opal alikuwa akiitazama saruji. "Ukimaliza, utaliweka wapi?"

"Pale pale, mama. Nitalifunga kwa nondo, kama lile lingine. Nitaomba ruhusa."

"Watakuja na patasi."

Elimringi alitazama kule kwa Hardaway, kwenye zile kingo zilizotafunwa.

"Lishushe," bibi alisema. "Lirudishe chini, kina kile kile lilipokuwa, na upande majani juu yake. Na mimea yako hiyo mizuri, ing'oe. Unisamehe. Nakuomba uing'oe."

"Lakini hakuna atakayelisoma, mama."

"Najua." Aliinua mkono, akaushusha tena kwenye lile jani. "Ila uandike vizuri. Everline ananiambia una mwandiko mzuri."

Walikaa nusu saa. Bibi Opal aliongea na kaka yake kimya kimya, midomo ikicheza, kama kila Jumanne. Kisha Everline alitazama saa, akaachilia breki za kiti. Alipompita Elimringi alimgusa begani. "Kaka, usijiue," alisema. "Sikia? Usijiue na hii kitu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka.

Elimringi aling'oa masale matatu yaliyobaki, akayatia kwenye makopo, moja akalikimbiza mpaka kwenye gari. Everline alilipokea, akaliweka miguuni mwa bibi. "Litaishi ndani ya nyumba?" bibi aliuliza dirishani, na Elimringi akasema ndiyo, mama, litaishi, halitaki jua kali, maji mara moja kwa wiki. Gari likaondoka.

Saa nane na nusu saruji ilikubali msumari. Alifungua daftari, akaliegemeza kwenye mzizi wa mwaloni, akapiga mstari wa penseli juu na mstari chini ili herufi zisipande wala kushuka. Alianza na A. Kila mchirizi aliupitia mara tatu: wa kwanza wa kuonyesha, wa pili wa kuzamisha, wa tatu wa kusafisha kingo, kisha alipuliza vumbi. ALVIN ilimchukua saa nzima. Placide alipita na mashine, akaizima, akasimama.

"Ndugu, si umesema linaenda chini ya majani?"

"Linaenda."

"Basi unachonga hivyo kwa ajili ya nani? Kwa panzi?"

Elimringi aliupitia mguu wa T mara ya tatu. "Ameniambia niandike vizuri."

Placide alikaa chini, akatoa mkate wake, akakata nusu, akamwekea mwenzake juu ya daftari. Baada ya muda alianza kuchimba lile shimo kwa koleo, kina cha kiganja, akipanga mapande ya majani kando ili yaweze kurudishwa mizizi ikiwa chini.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu saruji ilikuwa imekaza kuliko msumari. U ya PRUITT ilitoka na kingo zenye meno. Aliisugua kwa kidole lakini haikulainika. Itabidi patasi ndogo na nyundo, na mkono uliopumzika. Mlinzi alikuwa tayari ameanza kutikisa minyororo ya lango, akiwaonyesha saa yake. Watalii wawili walikuwa wakitoka, mwanamume na mwanamke wenye umri wa makamo, kamera shingoni, na yule mwanamke alipunguza mwendo, akanyosha shingo kuona kilicho chini ya mwaloni.

Elimringi alichukua gunia, akalilowesha ndooni, akalikamua, akalitandaza juu ya bamba mpaka likafunika jina lote, lile lililoandikwa na lile lililobaki. Akaweka mawe mawili kwenye pembe upepo usilifunue. Akakusanya msumari, penseli na daftari.

"Bado nini?" Placide aliuliza, koleo begani.

"I na T mbili. Halafu miaka. Halafu mstari wa chini."

"Kesho, basi."

"Kesho," Elimringi alisema, wakaenda langoni, wakipita kwa kulizunguka kaburi.